Ukipiga hesabu za sailensi usiisahau hewa iliyo njiani

Jamani mnaojifunza kutengeneza kontrola ya sailensi, yaani ya kushikilia spidi ya injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta, nataka niwaepushe na kitu kilichonila wiki tatu nzima hapa Ngamiani, Tanga. Nina injini ya zamani ya Corolla, silinda nne, nimeifunga kwenye stendi uani, nikaandika modeli kwenye laptop: hewa inaingia inazaa toki (nguvu ya kuzungusha), toa msuguano, kinachobaki ndo kinazungusha krankishafti, ile shafti kuu ya injini. Kwenye grafu spidi ikatulia mizunguko 750 kwa dakika, safi kabisa. Nikaunganisha kontrola na injini yenyewe weee, 500, 1,200, 500 tena, stendi inacheza mpaka kopo la grisi likadondoka mezani.

Kosa langu, nilichukulia kwamba nikifungua vali ya hewa toki inakuja palepale. Haiji! Hewa inaanza kwa kujaza menifodi, ile chemba kati ya vali ya hewa na silinda, ni kama pipa lina bomba juu na tundu chini, ukifungulia bomba maji hayajai mara moja, kwa hiyo presha ya menifodi ipe ikwesheni yake. Halafu hata ikishaingia silinda lazima ikandamizwe ndo iwake, hapo karibu mzunguko mzima wa krankishafti umepita. Kwa 750 mzunguko mmoja ni sekunde 0.08, utaona kidogo, lakini kontrola inaona spidi bado iko chini inaongeza hewa juu ya hewa ambayo iko njiani tayari, ikifika yote spidi inaruka, kontrola inabana hewa, inachelewa tena, ndo hiyo panda shuka. Na ikishuka 500 mzunguko unakuwa sekunde 0.12, yaani inachelewa zaidi pale pale inapotaka kuzima, kwa hiyo ucheleweshaji usiuandike kama namba moja, ufunge na spidi.

Mimi nilipunguza geini ya hewa, yaani ukali wa kontrola kuongeza au kubana hewa, kazi ya haraka nikaipa taimingi ya cheche, yaani cheche iruke mapema au ichelewe, maana hiyo inabadilisha toki kwenye mwako unaofuata tu, haisubiri menifodi. Ila taimingi ya kawaida irudishe nyuma kidogo ubaki na nafasi ya kuisogeza mbele, usipofanya hivyo cheche haina cha kukusaidia.

Kwenye gari lenye AC, na kwa joto la Tanga nani anaizima, chukua signo kwenye swichi na uongeze hewa kabla klachi ya kompresa haijashika, usingoje spidi ianguke. Kwangu kompresa sina, kujaribu nawasha taa kubwa ili alteneta iielemee injini. Spidi inashuka kidogo, inarudi, kopo la grisi halitikisiki.