Maswali ya Wasomaji: Seng'enge Iliyobaki na Mita Zisizo Mita

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa programu katika komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Mjomba wangu ana shamba la mraba kando ya barabara ya Kasenga, ambalo mipaka yake imefuata kaskazini na mashariki, na aliniomba nimpimie mzunguko wake ili ajue anunue seng'enge kiasi gani. Nilichora mipaka hiyo juu ya picha ya setilaiti katika ramani ya intaneti niliyoitengeneza mwenyewe, nayo ikanipa mita 2,458. Alinunua kwa hesabu hiyo. Vijana walipomaliza kuzungusha waya kipande kirefu kilibaki, na tulipopima upya kwa utepe wa mita 50 tulipata mita 2,400. Rafiki yangu aliye Goma alijaribu programu ileile kwenye kiwanja cha ukubwa huohuo, ziada ikawa mita 9 tu. Je, kosa liko wapi, na nichague projeksheni gani, yaani njia gani ya kuilaza dunia ya mviringo juu ya ramani bapa?

JIBU: Kosa haliko katika picha wala katika mkono wako. Programu yako ilipima mistari ya ramani, na ramani hiyo haina urefu uleule na ardhi.

Ramani nyingi za intaneti, tangu Google Maps ilipoanza mwaka 2005, hutumia projeksheni iliyotokana na ile ya Gerardus Mercator ya mwaka 1569, nayo hujulikana katika programu kwa namba 3857. Mercator aliwachorea mabaharia: alitaka mwelekeo wa dira uwe mstari mnyoofu juu ya karatasi, na gharama yake ni kwamba kila unavyosogea mbali na ikweta ramani hutanuka zaidi. Kwa kuonyesha mitaa inafaa sana, kwa sababu kona za barabara hubaki na umbo lake. Mtego uko katika jina la kipimo chake, kwani namba zake huitwa mita ilhali ni mita za kweli kwenye ikweta peke yake, tena kwa mstari wa mashariki na magharibi tu.

Mtanuko wenyewe ni takriban moja kugawanywa kwa kosini ya latitudo. Goma iko chini kidogo ya nyuzi 2 kusini mwa ikweta, hivyo mtanuko huo hauonekani, lakini Lubumbashi iko karibu nyuzi 11.7 kusini, na hapo kila mita 100 za ardhi huwa mita 102 na zaidi. Kuna na sababu ya pili, ambayo hata mafundi wazoefu huisahau. Projeksheni hiyo huichukulia dunia kuwa mpira kamili wenye nusu kipenyo cha mita 6,378,137, ilhali latitudo tunazoipa zimepimwa juu ya dunia iliyobonyea kidogo kwenye ncha zake, na tofauti hiyo huongeza karibu asilimia 0.7 katika mistari ya kaskazini na kusini huku kwetu. Kwa hiyo kila upande wa mjomba wako wenye mita 600 ulisomeka kama mita 612.5 ukielekea mashariki, na mita 616.6 ukielekea kaskazini. Jumlisha pande nne utapata 2,458 yako, na zile mita 9 za Goma karibu zote zinatoka katika sababu hii ya pili. Eneo nalo limevimba, kutoka hektari 36 hadi karibu 37.8, na nashukuru kwamba mjomba alikuwa ananunua waya, hakuwa anauza shamba.

Usiibadilishe ramani inayoonekana. Iache katika 3857, kisha hesabu ya urefu uifanye pembeni kwa kutumia latitudo na longitudo za kila kona. Njia ninayoipendelea ni ya kupima juu ya umbo lenyewe la dunia, kwa kanuni ya Vincenty ya mwaka 1975 au ile ya Karney ya mwaka 2013. Katika hifadhidata ya PostGIS inatosha kuweka data katika safu ya aina ya geography, na majibu yatatoka katika mita za kweli. Kanuni ya mpira, kama ile iliyomo ndani ya Leaflet, maktaba ya kutengenezea ramani za intaneti, inatosha kukadiria nauli ya pikipiki, ila katika upande wa mita 600 unaokwenda kaskazini itakuongezea mita 3 hivi.

Ukitaka projeksheni hasa, chukua UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda za nyuzi 6 kila moja, kanda ya 35 kusini, namba 32735, inayoanzia nyuzi 24 hadi 30 mashariki na kuchukua Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Bukavu na Goma. Kwa shamba lenu itapunguza chini ya mita moja katika mzunguko wote. Usiitumie kwa nchi nzima, kwa maana Kinshasa iko katika kanda ya 33 na Bunia imeshavuka kuingia ya 36. Wako wanaozidisha jibu la 3857 kwa kosini na kuridhika. Njia hiyo huiacha ile asilimia 0.7 palepale.

Jambo moja la shambani: hesabu zote hizi huchukulia ardhi kuwa tambarare, na waya hupanda na kushuka pamoja na mabonde, basi ongeza kidogo.

SWALI: Niko Kolwezi. Nina mchoro wa zamani wa kiwanja ulioandikwa "Katanga 1955", na nikiuweka juu ya ramani ya intaneti unakaa nje ya mahali pake. Niusogeze kwa mkono?

JIBU: Hapana. Huo ni mfumo mwingine wa kupima dunia, na vipimo vyake vya latitudo vinaweza kutofautiana na vya GPS kwa zaidi ya mita mia moja ardhini. Katika QGIS, programu ya kushughulikia ramani, utaje mchoro kwa mfumo wake, ambao kwa latitudo na longitudo ni namba 4695, ndipo uamuru programu iugeuze. Kama mchoro una namba za mita badala ya nyuzi, tafuta kwanza pembeni mwake jina la projeksheni iliyotumika, kwa sababu Katanga 1955 ina zaidi ya moja.