Dokta, kitambi changu ndo kinaniumiza tezi dume?

SWALI: Shikamoo dokta. Nna miaka 31, naendesha bajaji hapa Dodoma mjini toka asubuhi mpaka saa tatu usiku. Huu ni mwezi wa tano mfululizo nasikia maumivu pale kati ya korodani na njia ya haja kubwa, nikimaliza tendo ndo yanazidi, na mkojo haunipi amani. Nimeshameza dozi tatu za antibayotiki za duka la dawa wakati kipimo cha mkojo kilisema hamna bakteria. Nna kilo 98, urefu sentimita 170. Mwenzangu wa kijiweni anasema mafuta yameziba tezi dume, ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Mafuta hayazibi tezi dume, yenyewe iko chini ya kibofu imeuzunguka mrija wa mkojo, ila mwenzio hajakosea moja kwa moja, mana yale mafuta ya ndani kabisa yanayozunguka utumbo yanamwaga kemikali zinazochochea uvimbe mwilini. Kwa hesabu yako, kilo gawanya kwa urefu wa mita mara urefu, unapata karibu 34, na kuanzia 30 tayari ni unene uliopitiliza. Lakini siwezi kukwambia kilo ndo zimekuletea hii shida, tafiti zenyewe zinapishana, nyingine zinaona uhusiano nyingine hazioni.

Kinachoniuma zaidi ni hizo dozi. Maumivu ya hivi yakipita miezi mitatu kwa vijana, mara nyingi bakteria hawapo kabisa, misuli ya chini ya nyonga imekaza tu, sasa we unakalia kiti cha bajaji masaa kumi na mbili afu unameza dawa ya mdudu ambaye hayupo! Acha kujinunulia, nenda hospitali ya rufaa ukaonane na daktari wa mkojo akupime vizuri.

Huku unasubiri, kila ukishusha abiria shuka na wewe utembee kidogo, jioni tembea kwa kasi nusu saa, mazoezi ya hivyo yameonekana kupunguza haya maumivu na kilo zitashuka humohumo. Chipsi mayai za usiku punguza, rudi kwenye ugali wa uwele na mlenda. Na siku ukipata homa na kutetemeka, au mkojo ukagoma kutoka, usingoje kesho, wahi hospitali siku hiyohiyo.