Mume Wangu Ameiondoa Picha Yetu ya Harusi Ukutani

SWALI: Shangazi, nina umri wa miaka 46 na mume wangu ana 51. Majuzi tulipata wageni, mmoja wao akaitazama picha yetu ya harusi iliyopigwa miaka 24 iliyopita, akauliza kijana yule ni nani. Nikamjibu, "Huyo ndiye aliyenioa. Huyu aliyeketi hapa sijui ametokea wapi." Watu walicheka, naye akacheka. Kesho yake picha haikuwapo ukutani. Tangu siku hiyo namkuta mbele ya kioo akiivuta ngozi ya mashavu kwa vidole kuelekea masikioni, au akijipiga picha kwa simu na kuzifuta papo hapo, na tayari amenunua makopo matatu ya krimu. Nilikuwa natania tu. Lakini ni kweli uso umebadilika: pua imekuwa ndefu, macho yameingia ndani, mashavu yameshuka. Je, ni mgonjwa? Na mimi nifanye nini?

JIBU: Mdogo wangu, nitaanza na hilo la ugonjwa, kwa sababu nahisi ndilo linalokukosesha usingizi ingawa umelitaja mwishoni. Mabadiliko uliyoyaeleza, ikiwa yamekuja polepole kwa miaka mingi na yako pande zote mbili za uso, ni ya umri. Mtu wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo ni yule ambaye upande mmoja wa uso umelegea ghafla, kwa kuwa hiyo huenda ikawa dalili ya kiharusi. Kidonda au doa usoni linalotoka damu na kukataa kupona kwa majuma kadhaa lionwe na daktari, na vivyo hivyo taya linalozidi kutokeza huku pete na viatu vikianza kumbana. Hayo hukuyataja, kwa hiyo naendelea.

Watu wengi hudhani kwamba uso huzeeka kwenye ngozi, na ndiyo maana mumeo amekimbilia krimu. Hema likifupishwa nguzo, turubai hulegea hata kama halijachakaa, na uso nao ni hivyo hivyo. Kadiri miaka inavyokwenda, matundu ya mifupa yanayobeba macho hupanuka, hasa kwenye pembe zake, na mfupa wa taya la juu hurudi nyuma kidogo. Macho huonekana yameingia ndani kwa sababu hiyo, pamoja na kupungua kwa mafuta yanayoyazunguka. Pua nayo haijachipua upya: mfupa uliokuwa ukiishikilia kwa chini umerudi nyuma, nyuzi zinazofunga gegedu (ile sehemu ngumu kiasi ya pua inayopindika) zimelegea, ncha ikainama, na mtazamaji akaona pua ndefu. Mashavu ya kijana hujazwa na vifuko vya mafuta vilivyopangwa kwa kushikana. Baadaye vingine husinyaa na vingine huteremka, hivyo nyama inayoonekana kuzidi karibu na kidevu ni ile ile iliyopungua juu.

Masikio hukuyataja, lakini yachunguze. Mwaka 1995 madaktari wa Uingereza walipima masikio ya watu zaidi ya 200 wenye umri wa miaka 30 na kuendelea, wakakadiria kwamba sikio hurefuka kwa wastani wa milimita 0.22 kwa mwaka. Kwa miaka 24 hiyo ni kama nusu sentimita, kwa hiyo hata masikio ya yule bwana harusi hayakuwa haya unayoyaona leo. Nywele nazo zina vituko vyake: homoni zile zile za kiume zinazomla mwanamume panja na utosi ndizo zinazomwoteshea nywele nene masikioni na kurefusha nyusi.

Niseme na jambo moja ambalo huenda usilipende. Ngozi ya mwanamume ni nene kuliko ya mwanamke, na kolajeni, yaani protini inayoishikilia, hupungua kidogo kidogo tangu ujanani, ilhali ya mwanamke hushuka kwa kasi katika miaka michache ya kwanza baada ya kukoma hedhi. Wewe una miaka 46. Akiba ya utani huu itumie kwa uangalifu.

Kuhusu makopo yale, msomee vibandiko vyake. Mafuta ya kujikinga na jua yana manufaa ya kweli, kwa kuwa jua huharibu ngozi kuliko karibu kitu kingine chochote kilicho nje ya mwili, na sigara huliongezea kazi hiyo. Baadhi ya dawa zenye asili ya vitamini A hupunguza makunyanzi zikitumiwa kwa miezi mingi. Zenye steroidi zisizoandikwa na daktari zitupwe, kwani hukondesha ngozi. Hakuna krimu inayorudisha mfupa. Ila kama ana mapengo mdomoni, aende kwa daktari wa meno kabla ya kununua kopo la nne, maana mfupa wa taya hutunzwa na meno yanayotafuna, na pale jino lilipong'oka mfupa hupungua na midomo hukosa cha kuegemea. Na hizo picha za simu aziache: uso ukipigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi, pua huonekana pana kwa karibu asilimia 30 zaidi kuliko ikipigwa kwa mita moja na nusu. Anajihukumu kwa ushahidi wa uongo.

Sasa turudi kwenye sentensi yako, kwa sababu mifupa haikuiondoa picha ukutani. Ungemwambia tu kwamba amezeeka, nadhani angekujibu kwa utani mwingine na mambo yakaisha. Ulichofanya ni kumgawa watu wawili, ukamtangaza mmoja kuwa mumeo na mwingine mgeni, naye huyo mgeni ndiye aliyekuwa ameketi pale akiwahudumia wageni wako. Unasema alicheka. Angefanya nini kingine mbele za watu? Kicheko cha dhati mara nyingi hukaza ule msuli unaozunguka jicho, na ndio unaokunja ngozi pembeni mwa macho. Kumbuka vizuri jioni ile: palikunjika, au mdomo peke yake ndio uliocheka?

Mwombe radhi mkiwa wawili, bila simu mkononi. Yarudie maneno yako kama ulivyoyasema, umwambie kwamba hayo ndiyo unayoyajutia. Usitumie "nilikuwa natania tu", kwa maana hapo unamtwisha yeye kosa la kutoelewa utani. Usimwambie pia kwamba bado ni kijana, kwa kuwa kioo anacho na atajua kwamba unambembeleza. Akikuuliza kama amebadilika, mjibu kwamba ndiyo, kisha mweleze unachokiona, kwa kirefu, kama mtu aliyekuwa akimtazama kwa miaka yote hiyo 24.

Picha usiitafute. Imo humo humo nyumbani na yeye anajua ilipo. Ukuta ubaki wazi mpaka atakapoamua mwenyewe.