Nataka kusomea usafi wa kinywa na meno chuo kikuu: naanzia wapi nikiwa Mwanza?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni binti wa miaka 20, naishi Buswelu, Mwanza. Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), nimepata daraja la pili. Kung'oa na kupasua sivutiwi navyo sana. Ninachopenda ni kusafisha meno, kutibu fizi mapema na kufundisha watu kutunza kinywa. Nimeona vyuo vikuu vya Marekani vina kozi ya dental hygiene, na mjomba wangu anaishi huko, amesema atanisaidia. Kuna wakala hapa mjini anasema naweza kuisoma shahada hiyo kwa mtandao nikiwa nyumbani. Maombi yanafanyikaje? Na nikirudi nitapata kazi kwa cheti hicho?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na huyo wakala, kwa sababu hapo ndipo fedha ya wazazi inaweza kupotea kabla ya jambo lingine lolote. Shahada ya usafi wa kinywa inayosomwa kwa mtandao ipo kweli Marekani, lakini imewekwa kwa ajili ya watu ambao tayari wana leseni ya kazi hiyo na sasa wanapandisha elimu yao hadi shahada. Mtu ambaye hajawahi kushika kifaa cha kukwangua ugaga hapokelewi humo, na akipokelewa mahali fulani, ajue cheti hicho hakitampa leseni popote. Mikono haifundishwi kwa intaneti. Mwombe wakala akuoneshe masharti ya kujiunga kwa maandishi, kutoka kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Usitoe hata shilingi kabla ya hapo.

Nimelitaja neno leseni mapema kwa makusudi. Kazi unayoipenda ilizaliwa pamoja na leseni. Daktari wa meno Alfred Fones, wa mji wa Bridgeport katika jimbo la Connecticut, alianza kumfundisha msaidizi wake Irene Newman mwaka 1906 namna ya kusafisha meno ya wagonjwa. Mwaka 1913 akafungua shule ya kwanza, na mwaka 1917 Newman akawa mtu wa kwanza kupewa leseni ya kazi hiyo. Mpaka leo chuo ni njia tu ya kuifikia leseni. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: amua kwanza unataka kupewa leseni wapi, kisha rudi nyuma utafute chuo kinachofika huko. Vijana wengi hufanya kinyume. Wanapata barua ya chuo, wanauza shamba, halafu ndipo wanauliza baraza gani litawasajili.

Tuchukue Marekani kwanza, maana ndiyo uliyoiulizia. Leseni kule hutolewa na kila jimbo kivyake. Kwa kawaida jimbo hutaka mambo matatu: uwe umehitimu programu yenye ithibati, umefaulu mtihani wa taifa wa maandishi wa wataalamu wa usafi wa kinywa, na umefaulu mtihani wa vitendo. Ithibati ya programu hutolewa na tume moja inayojulikana kwa kifupi kama CODA, na orodha ya programu ilizozikubali iko wazi kwenye tovuti yake. Chuo kisichokuwa humo kiache, hata kama majengo yake yanapendeza na mjomba anaishi jirani nacho.

Sasa niende kwenye jambo linalowachanganya waombaji wa kwetu kuliko yote. Kule, kukubaliwa na chuo na kukubaliwa na programu ya usafi wa kinywa ni milango miwili tofauti. Sisi tumezoea kwamba ukichaguliwa kusoma udaktari pale Bugando, umeingia kwenye udaktari tangu siku ya kwanza. Kule, mara nyingi unaingia chuoni kama mwanafunzi wa kawaida, unasoma masomo ya awali kwa mwaka mmoja au zaidi, halafu unaomba upya kuingia kwenye programu yenyewe, ambayo kwa uchache huchukua miaka 2. Nafasi zake ni chache, kwa sababu idadi ya wanafunzi inategemea idadi ya viti vya wagonjwa kliniki na walimu wa kuwasimamia. Mtu anaweza kukaa chuoni, kulipa ada, kufaulu, na bado asichaguliwe.

Masomo hayo ya awali hutofautiana kidogo kutoka chuo hadi chuo, lakini anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, kemia na uandishi wa Kiingereza utayakuta karibu kila mahali. Saikolojia, sosholojia na mawasiliano ya kuzungumza mbele ya watu huongezwa mara nyingi. PCB yako imekujengea msingi mzuri, ila usidhani itahesabika moja kwa moja badala ya masomo hayo. Vyuo vingi vitataka matokeo yako yatathminiwe na shirika la kutathmini vyeti vya nje, somo kwa somo, na hata baada ya hapo vinaweza kukutaka urudie anatomia na mikrobiolojia kwa sababu vinataka zenye saa za maabara za ngazi ya chuo. Vingine huweka ukomo wa miaka: somo la sayansi ulilosoma zamani halihesabiki tena. Ndiyo maana swali la kwanza kumwandikia msajili wa programu liwe hili: “Nina cheti cha kidato cha sita cha Tanzania, ni masomo yapi ya awali mtayatambua, na yapi nitalazimika kuyasoma kwenu?” Jibu lake litakuambia gharama halisi kuliko tangazo lolote.

Muulize pia kama wanapokea kabisa wanafunzi wa kigeni kwenye programu hiyo. Vyuo vya jamii, ambavyo ndivyo vyenye ada nafuu na ndivyo vinavyofundisha kazi hii kwa wingi, mara nyingi huwapa kipaumbele wakazi wa eneo lao, na vingine havimpokei mwenye viza ya mwanafunzi. Hili ulijue kabla ya kulipa ada ya maombi.

Wanachaguaje? Programu nyingi hutumia alama. Ufaulu wa sayansi ndio wenye uzito mkubwa, kisha kuna alama za saa ulizokaa kliniki ukiangalia kazi, barua za watu wanaokufahamu kitaaluma, insha binafsi, na pengine mahojiano. Baadhi ya programu hupokea maombi kupitia mfumo wa pamoja wa mtandaoni uitwao DHCAS. Nyingine zina fomu zao. Kwa sababu hujasoma chuo cha Kiingereza kule, utadaiwa mtihani wa lugha, TOEFL au IELTS. Ukishachaguliwa zinafuata taarifa za uhalifu kutoka polisi, cheti cha huduma ya kuokoa maisha, na chanjo.

Kuhusu mjomba: msaada wake ni wa maana kwa malazi na kwa barua ya kuonesha uwezo wa fedha, ambayo chuo hukudai kabla ya kukupa fomu ya I-20 ya kuombea viza. Lakini kwamba yeye ni mkazi wa jimbo hilo hakukufanyi wewe ulipe ada ya mkazi. Mwenye viza ya mwanafunzi kwa kawaida hulipa ada ya juu. Kaeni naye mhesabu miaka yote, wa masomo ya awali na ya programu, pamoja na vifaa, kwa kuwa wanafunzi hununua seti yao ya vifaa vya kukwangulia. Akisema atalipia mwanzo tu halafu mtaona mbele, mwambieni kwa heshima mngoje kwanza.

Afrika Kusini ni njia ninayoiona karibu zaidi na unachokitaka. Kule kuna shahada kamili ya usafi wa kinywa, unaingia moja kwa moja kutoka sekondari, na wahitimu husajiliwa na HPCSA, baraza la wataalamu wa afya la nchi hiyo, kama kada inayojitegemea. Chuo Kikuu cha Pretoria na Chuo Kikuu cha Western Cape ni miongoni mwa vinavyoifundisha. Mwenye cheti cha nje huhitaji kibali cha usawa wa sifa kutoka umoja wa vyuo vikuu vya nchi hiyo. Mwaka wao wa masomo huanza mwanzoni mwa mwaka na maombi hufungwa miezi mingi kabla, kwa hiyo ukikaa na matokeo yako ya Julai ukisubiri Desemba, umeshachelewa. Jirani zetu nao wana kada za kinga ya kinywa kwa ngazi ya stashahada: Kenya kupitia KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, na Uganda pale Mulago, Kampala.

Na hapa nyumbani? Kazi unayoielezea hufanywa na tabibu wa meno na daktari wa meno. Stashahada ya tabibu meno ni miaka 3, maombi yake hupita kwenye mfumo wa pamoja wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, na kigezo cha msingi ni ufaulu wa kidato cha nne wenye Baiolojia, Kemia na Fizikia. Wewe unacho. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha baadhi ya stashahada, na tiba ya meno ilikuwamo kwenye orodha ile ya kwanza. Shahada ya udaktari wa meno, kama ile ya Muhimbili, ni miaka 5 na mwaka wa mafunzo kazini. Kwa PCB yako unaweza kuomba, ila soma mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka huo uone alama za chini za kila somo, maana daraja la pili peke yake halisemi kitu. Tabibu mwenye ufaulu mzuri naye huweza kuomba shahada hiyo baadaye kwa namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET.

Nasikia wazazi wakimwambia mtoto kwamba tabibu meno ni “kung'oa tu”. Si kweli, na inaniuma kwa sababu uhitaji wa kinga kanda hii ni mkubwa mno. Bado wapo watoto wachanga wanaochokonolewa fizi kwa imani ya meno ya plastiki: mtoto anaharisha na ana homa, bibi anaona vijivimbe vyeupe, vinang'olewa kwa kitu kichafu, na kumbe ni vichipukizi vya meno yake. Wapo vijana wa upande wa Shinyanga waliokulia maji ya visima yenye floridi nyingi, meno yana rangi ya kahawia, wakiambiwa ni wachafu. Rangi ile imo ndani ya jino lenyewe. Ukiikwangua utamuumiza mtu bure. Mtaalamu wa usafi wa kinywa anayelijua hili anamrudishia kijana heshima yake kwa maelezo ya dakika chache.

Haya ndiyo ya kuandika kwenye insha yako popote utakapoomba. Acha sentensi za “tangu utotoni nimependa kusaidia watu”. Kila mwombaji anaziandika. Andika ulichokiona. Ili ukione, peleka barua kwa Mganga Mfawidhi wa Hospitali ya Sekou-Toure au uongozi wa Bugando, uombe kukaa kliniki ya meno kama mtazamaji, na uambatishe nakala ya vyeti. Uliza kwanza utaratibu na kama kuna malipo. Ukiruhusiwa, weka daftari: tarehe, saa, ulichoona, na sahihi ya msimamizi. Usiandike majina ya wagonjwa wala kupiga picha. Angalia jinsi mtu anavyoambiwa fizi zake zinatoka damu kwa sababu ya ugaga, na jinsi anavyolipokea. Ukitoka pale bado unaipenda kazi, una insha na una mtu wa kukuandikia barua kwa ukweli.

Anza chanjo ya homa ya ini B sasa. Dozi ni 3, ya mwisho huja karibu miezi 6 baada ya ya kwanza, na kadi yake itadaiwa kila utakapokwenda, hata hapa nchini.

Sasa swali lako la mwisho, la kurudi. Shahada ya nje hutambuliwa na TCU, stashahada ya nje na NACTVET, kisha usajili wa taaluma uko kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017 inayohusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Kabla ya kukubali nafasi yoyote nje, waandikie Baraza, uambatishe jina la chuo na mtaala wa programu, uulize utasajiliwa kwa kada gani ukirudi. Jibu la mdomo halitoshi. Subiri la maandishi na ulihifadhi. Wakisema huna kada inayolingana, hapo utaamua ukijua kwamba unakwenda kusomea kazi ya kuifanya huko huko.

Kama ningekuwa nafasi yako, ningeomba tabibu meno na udaktari wa meno katika madirisha ya mwaka huu, huku nikiandikiana na Pretoria na Western Cape kwa ajili ya mwaka unaofuata. Marekani ningeiweka baada ya mjomba kukaa chini na hesabu kamili. Wiki hii kagua jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya NECTA na kitambulisho cha taifa. Kama herufi moja inatofautiana, nenda karekebishe kwanza, ndipo uombe pasipoti.