Taa moja kubwa haimshushi rubani

SWALI: Wahariri, salaam. Hapa Shanzu tunaandaa kiwanja kidogo cha helikopta karibu na ufuo, kwa wagonjwa wa dharura. Fundi asema taa moja kubwa ya kumulika itatosha usiku. Ni kweli? – Msomaji, Shanzu

JIBU: La, tena ikiwa peke yake yaweza kumponza rubani. Akitokea baharini usiku wa giza, chini pote ni weusi na mbele kuna nuru moja tu. Macho humdanganya kuwa yuko juu mno. Anashuka, kumbe maji yako karibu. Anachokosa ni kipimo cha mteremko wake.

Kipimo hicho hutolewa na HAPI, taa iliyobuniwa kwa helikopta. Kijani inayopepesa: uko juu. Kijani tulivu: njia ni sawa. Nyekundu tulivu: umeshuka kidogo. Nyekundu inayopepesa: umeshuka mno, pandisha. Ukanda wa kijani tulivu ni robo tatu ya digrii, yaani unene wa mita 13 mkiwa umbali wa kilomita moja. Ule wa nyekundu tulivu ni robo digrii tu, mita 4 na ushei. Kwa hiyo ifungeni juu ya zege, si juu ya mchanga. Kanuni za kimataifa zataka ijizime yenyewe ikipinda zaidi ya nusu digrii; mwambieni fundi ajaribu hilo kabla ya kukabidhi kazi.

Hapa Pwani, tatizo ni chumvi na unyevu. Lenzi ikishika ukungu, rangi huchanganyika mpakani na rubani husoma uongo. Isafisheni kwa maji yasiyo ya chumvi, muiwashe mapema ipate joto.

Ukingo wa eneo la kutua uwe na taa za kijani, fupi, zisizopita sentimita 25, zikiachana si zaidi ya mita 5 (juu ya paa, mita 3). Mfuko wa kuonyesha upepo nao uangazwe. Rubani akivaa miwani ya kuonea usiku, muulizeni kabla ya kununua taa za LED: baadhi huonekana kwa jicho tupu, kwa miwani hiyo hazionekani kabisa.

Ile taa ya fundi iwekeni chini, imulike sakafu tu. Umeme ukikatika mkategemea magari, washeni taa za chini, zielekee upepo utokako, kwani helikopta hutua ikiukabili: msimu wa kusi zielekee kusini, wa kaskazi zielekee kaskazini mashariki. Zikigeuzwa, zitampiga rubani machoni.