Jibu: Mashudu yameongezwa, mbona ndama wa nyati hawakui?

Ndugu, umesema umewaongezea mashudu (makapi ya mbegu za mafuta, yenye protini nyingi) ndama wako wa nyati-maji lakini uzito umegoma. Mimi ningeanza kuangalia wanga kabla ya protini.

Protini nyingi wanayokula haifiki utumboni ilivyo. Vijidudu vya tumbo la kwanza (lile kubwa ambamo majani huchachuka) huivunja ikawa amonia, kemikali yenye naitrojeni, kisha huitumia kujenga protini ya miili yao, na hiyo ndiyo mnyama humeng'enya baadaye. Kazi hiyo inataka nishati, na wanga ndio unaoitoa. Ikikosekana, amonia huingia kwenye damu, ini huigeuza urea. Sehemu hurudi tumboni kwa njia ya mate, nyingine inaishia kwenye mkojo. Hapo pesa yako ya mashudu inamwagika chini, na ini limechoshwa bure.

Kwa hiyo jaribu kuwaongezea nishati kwa pumba au molasi (uji mzito wa sukari ya miwa), mashudu yabaki kama yalivyo, halafu upime uzito baada ya wiki kadhaa.

Na usishawishike kuwapa urea ya dukani badala ya protini kwa sababu ni ya bei rahisi. Ina naitrojeni asilimia 46, na ndama ambaye tumbo la kwanza halijakomaa inaweza kumuua.

Wana umri gani, kwani?