Re: Gobore la kwanza, bajeti ndogo
Salama mkuu. Umeuliza uchukue gobore jipya la bei ya chini au lililotumika. Mi nilichukua lililotumika, la fataki (kile kikofia kidogo kinachogongwa na nyundo kuwasha baruti), kaliba .50 (upana wa tundu la mtutu, nusu inchi), maana risasi zake hazisumbui kupata. Kabla ya yote ingiza mdeki (ule ufito wa kushindilia) ndani ya mtutu mpaka mwisho, uwekee alama pale mdomoni mwa mtutu, toa uulaze kwa nje ya mtutu, usipofika karibu na usawa wa tundu la fataki ujue limeshindiliwa, yaani huenda lina baruti na risasi ndani, usicheze nalo kabisa. Halafu mulika ndani, kutu ikishakula ile mifereji ya ndani ya mtutu inayozungusha risasi, achana nalo hata kama kitako kinang'aa. Bakiza hela ya baruti nyeusi na vifaa vya kusafishia, na baruti ya bunduki za kisasa usitie humo kamwe, mtutu unaweza kupasuka. La gumegume, lile la kuwashwa na cheche za jiwe, sijawahi kumiliki.